Kutoka Kete za Mwambani hadi Gemu za Skrini



Shule zinapofungwa, baadhi ya jamaa zetu wa pwani huwapeleka watoto bara kwa mashangazi na ami zao, na Nakuru ni mmoja wa miji inayowapokea. Malalamiko yanayorudi kwa simu huwa ni mamoja. Kijana hatulii na wenyeji wake. Ama ameinamia simu hadi usiku wa manane, ama ametumwa sukari akapitia kibanda cha gemu na asionekane tena hadi Magharibi. Mama aliyeko Mombasa huulizwa: tumnyang'anye, au tumwache? Swali hilo si dogo, na ni vigumu kulijibu vyema bila kujua michezo yenyewe imetoka wapi. Sisi tu miongoni mwa wanaoipenda michezo ya video, na tumeifuatilia historia yake kwa muda mrefu. Leo tungependa kuieleza kwa ufupi, tukianzia huko huko Nakuru, kwa kuwa mji ule una ushahidi wa mchezo ulio mkongwe kuliko skrini yoyote.

Kiasi cha kilomita nne kutoka katikati ya Nakuru, karibu na barabara kuu iendayo Nairobi, kuna kilima cha mawe kiitwacho Hyrax Hill, yaani Kilima cha Pimbi. Mtaalamu wa mambo ya kale, Mary Leakey, alichimba hapo mwaka 1937. Mwaka 1943 kilima kikatangazwa kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa, na tangu mwaka 1965 wageni wamekuwa wakipokewa katika jumba dogo la makumbusho lililoko hapo. Paligunduliwa makaburi, misingi ya makao, vyungu, na zana za lile jiwe jeusi ling'aalo kama kioo litokanalo na volkano za Bonde la Ufa. Lakini kinachotuhusu leo ni kitu kingine: katika mwamba wa kilima kile yamechongwa mabao. Ni mashimo yaliyopangwa kwa safu, ambayo Mswahili yeyote akiyatazama hahitaji kuelezwa ni ya nini.

Mtu hachongi mwamba kwa jambo analolidharau. Wachungaji na wakaazi wa bonde lile waliupa mchezo mahali pake katika maisha, na mahali penyewe palikuwa wazi. Bao la mwambani halibebeki likapelekwa chumbani. Atakaye kulicheza hana budi kutoka, kumtafuta mwenziwe, na kukaa naye ana kwa ana huku wapitao wakiwatazama. Kete zikimalizika, mchezo umekwisha, na kila mtu hurudi kwa mifugo yake.

Jamii nyingi za eneo lile zina mchezo wa ukoo huo. Wamaasai wana enkeshui, Wakikuyu wana giuthi, na Wajaluo, ambao wengi wao wamefanya Nakuru kuwa kwao, wana ajua. Hiyo huchezwa kwa safu mbili za mashimo. Bao letu la pwani lina safu nne, mashimo 32 na kete 64, na linajulikana miongoni mwa wataalamu kuwa mojawapo ya michezo migumu zaidi ya ukoo huo duniani. Mholanzi Alex de Voogt aliketi na mafundi wa Zanzibar na kuandika tasnifu juu yao katika Chuo Kikuu cha Leiden mwaka 1995, akichunguza jinsi fundi anavyoweza kufuata akilini kete zinazozunguka bao zima kabla hajaugusa ubao. Elimu ile hawakuipata darasani. Waliipata barazani, kwa kufungwa na wazee waliowatangulia na kuchekwa na waliosimama pembeni.

Wengi hawajui kwamba mchezo wa ukoo huu ulikuwapo katika utoto wa kompyuta. Mwaka 1962 vijana wa chuo cha MIT huko Marekani walikamilisha Spacewar!, mchezo wa vyombo viwili vya angani vinavyopigana, nao huhesabiwa kuwa miongoni mwa michezo ya kwanza ya skrini. Miaka miwili baadaye, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Richard Russell aliandika ripoti juu ya programu ya kucheza kalah, mchezo wa mashimo na kete ambao Mmarekani mmoja aliubuni kwa kufuata michezo ya Afrika. Mwaka 2002, watafiti wawili wa Amsterdam, John Romein na Henri Bal, waliifanya kompyuta ichambue awari, mchezo wa Afrika Magharibi wenye mashimo kumi na mawili tu. Ililazimu kupitia hali zaidi ya bilioni 889 za ubao, na jibu likawa kwamba wachezaji wawili wasiokosea hutoka sare. Basi kijana anayedhani kwamba bao ni la wazee na gemu ni za wajuzi, na aambiwe hilo.

Mwaka 1972 kampuni ya Atari ilitoa Pong: vijiti viwili vinarudishiana kitone cha mwanga, kama mpira wa meza. Husimuliwa kwamba mashine ya kwanza iliyowekwa hadharani iligoma baada ya muda mfupi, na fundi alipoifungua akakuta kisanduku chake kimefurika sarafu. Mwaka 1980 akaja Pac-Man kutoka Japani. Mbunifu wake, Toru Iwatani, alieleza kwamba kumbi za michezo wakati ule zilikuwa za wanaume watupu na zilijaa vita, naye alitaka mchezo ambao wanawake pia wangeufurahia; ndiyo maana hauui mtu, unakula tu. Katikati ya miaka ya 1980 Alexey Pajitnov wa Moscow akabuni Tetris, mchezo wa kupanga vipande vinavyoanguka, ambao hauna lugha wala nchi. Akina mama wanaopanga mizigo ndani ya gari la safari wanaujua mchezo ule hata kama hawajawahi kuuona.

Kwetu Kenya, kwa familia nyingi mlango wa kwanza ulikuwa nyoka wa Nokia. Taneli Armanto wa Finland aliuandaa kwa simu iliyotoka mwaka 1997, na ile simu yenye tochi, Nokia 1100 ya mwaka 2003, ikawaingiza nyoka wale hata majumba ambayo hayakuwa na televisheni. Nyanya alicheza akingojea wali ukauke, mjukuu akicheza naye kwa zamu. Nyoka akijigonga, mchezo umekwisha na simu inampokea mwengine.

Kisha ikaja PlayStation 2, iliyotolewa mwaka 2000 na kuuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Mashine zilizotumika Ulaya na Ghuba zilifika katika mitaa yetu, na vibanda vikazaliwa: televisheni mbili tatu, mabenchi, na vijana wakilipa kwa mechi. Nakuru ina vibanda hivyo kama ilivyo miji mingine ya Kenya, na mji ule uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021 unazidi kukua. Waliocheza mpira wa skrini miaka ile hawajamsahau Adriano, Mbrazili ambaye ndani ya Pro Evolution Soccer 6 shuti lake la mguu wa kushoto halikuzuilika. Vijana wengine walikubaliana kabisa kwamba hachukuliwi na yeyote, ili haki itendeke.

Yapo matukio ambayo wapenzi wa michezo hii huyasimulia kama sisi tunavyosimulia mechi za bao. Mwaka 2004, katika mashindano ya Evo huko California, Mjapani Daigo Umehara alibakiwa na uhai mdogo mno katika Street Fighter III, kiasi kwamba pigo lolote, hata lililozuiwa, lingemmaliza. Mpinzani wake Justin Wong akaachia mapigo kumi na matano mfululizo. Daigo aliyapangua yote, moja baada ya jingine, kisha akashinda mechi. Ukumbi mzima ulisimama. Ubingwa wa mchezo ule hakuupata mwaka huo, lakini ni dakika ile ndiyo ikumbukwayo.

Tukio lililotugusa zaidi ni la kijana wa Lahore, Arslan Siddique, maarufu kama Arslan Ash. Mwezi Februari 2019 alifika Japani baada ya misukosuko ya viza na safari, akiwa hajulikani, akawashinda mabingwa wa Tekken 7. Mwezi Agosti akashinda tena huko Las Vegas. Alipoulizwa siri yake alisema kwamba nyumbani Pakistani wapo wengine wenye uwezo kama wake. Wakorea walistaajabu, na bingwa wao Knee akafunga safari hadi Pakistani kujionea. Alichokikuta ni vijana waliofunzana kwa kukaa bega kwa bega katika kumbi za mtaani. Ni baraza ileile, ila kete zimebadilika. Na hapa Kenya, Sylvia Gathoni, ajulikanaye kama Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya kigeni mwaka 2018 kwa ustadi wake katika mchezo huo huo wa Tekken. Tunamtaja kwa ajili ya mabinti wanaoambiwa kwamba pedi si yao.

Tukiitazama historia hii yote, tunaona kwamba michezo iliyojenga watu ilikuwa na mwenza aliyeonekana na mwisho uliojulikana. Kilichobadilika katika simu za leo ni hayo mawili. Gemu nyingi za simu hazina mwisho. Zimetengenezwa ili mchezaji asipate pa kushukia. Mchezaji yuko peke yake chini ya shuka. Na juu ya hayo limeingia la tatu: huuzwa ndani yake masanduku ya bahati, ambayo mtoto hulipia bila kujua atatoka na nini. Mwezi Aprili 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya namna hiyo ni kamari. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaidhinisha kuuingiza uraibu wa michezo hii katika orodha yake ya maradhi. Hao si masheikh, wala si watu wanaochukia michezo.

Nasi tuna la kulitazama karibu zaidi. Vibandani kuna desturi iliyozoeleka kwamba anayefungwa ndiye alipaye mechi yote. Vijana huliona jambo la kawaida, na fedha yenyewe ni ndogo. Lakini sharti linalowekwa na pande zote mbili, mshindi akacheza bure na mshindwa akatozwa, wanavyuoni wengi wamelihesabu katika kamari, ambayo Surat al-Maida imeikataza pamoja na ulevi. Mtoto aliyezoea hilo akiwa na miaka kumi haoni ajabu kuweka dau la mechi za Ulaya akiwa na miaka kumi na minane. Dawa yake ni nyepesi: kila mmoja alipe nusu yake, ashinde au ashindwe. Mwenye kibanda hapotezi hata shilingi, na shangazi wa Nakuru anaweza kwenda mwenyewe, akamsalimu, wakaafikiana hilo pamoja na saa za kufunga kwa ajili ya sala. Mwenye biashara mtaani hupenda kujulikana na wazazi.

Nyumbani, mashine na iwekwe sebuleni. Kiwango kipimwe kwa mechi, si kwa dakika. Ukimwambia mtoto "mechi mbili kabla ya Alasiri" ataweza kutii, kwa kuwa mechi ina mwisho, lakini ukizima televisheni dakika ya themanini umeanzisha ugomvi ambao ungeweza kuuepuka. Gemu zisizo na mwisho zisiachwe ndani ya simu inayolala na mtoto. Namba ya siri ya M-Pesa isiwe siri ya nyumba nzima. Na mama akae mara moja moja ashike pedi, amwambie mwanawe amfundishe. Atafungwa, na watacheka, na ataijua gemu anayoizungumzia siku atakapolazimika kuikataza.

Kwa wale ambao watoto wao wataelekea Nakuru likizo hii, tunawaomba wawafungashie kete kidogo mfukoni, na wenyeji wawapeleke Kilima cha Pimbi asubuhi moja. Wayaone mabao yale kwa macho yao, kisha jioni wacheze nyumbani na ami yao, hata kama ni kwa vishimo vya kuchimba uani. Baada ya hapo mechi mbili za skrini hazitawadhuru, Insha Allah.

Wabillahi tawfiq.