Nanyuki na mstari usioonekana
Mstari wa ikweta hauonekani kwa macho, lakini Nanyuki, mji wa Kenya, ina bango lake kando ya barabara kuu, vibanda vya vinyago, na vijana wanaomwaga maji kwenye karai lenye tundu ili watalii wayaone yakizunguka kulia upande mmoja na kushoto upande wa pili. Kisayansi onyesho hilo halina msingi: mzunguko wa dunia hauwezi kuyaelekeza maji machache kiasi hicho. Hata hivyo, limegeuza kipande cha barabara kuwa mahali. Mwanajiografia Yi-Fu Tuan, katika kitabu chake cha 1977, alieleza kuwa eneo huwa mahali pale watu wanapolizoea na kulipa thamani.

Thamani zenyewe hugongana. Kwa Wamaasai, Laikipia, kaunti ulimo mji huu, ni malisho waliyoondolewa baada ya mkataba wa 1911. Kwa walowezi ilikuwa mashamba na ranchi. Kwa jeshi la Uingereza, uwanja wa mazoezi hadi leo. Wakikuyu waliomba wakiuelekea Mlima Kenya, ambao mpandaji huuhesabu kwa mita, 5,199 hadi kileleni. Reli iliyofufuliwa mwaka 2020 imeongeza tabaka jingine: abiria wa mwisho wa juma kutoka Nairobi.