Kimeng'enya Kisichomeng'enya



Kijana mmoja anayesomea sayansi aliniletea kibandiko cha kichupa cha maabara, akaniomba nimsaidie kukifasiri. Mimi ni mtu wa vina na mizani, vichupa sivijui. Hata hivyo nilikubali, na kikanikosesha usingizi.

Ndani ya kichupa mlikuwa na MDM2 ya binadamu, kimeng'enya cha kundi la ligesi. Kazi yake ni kuishika protini nyingine na kuipachika protini ndogo iitwayo yubikwitini, yenye asidi amino 76 tu. Yubikwitini zikiungana kama mnyororo, aghalabu protini iliyopachikwa imekwisha kuhukumiwa: hupelekwa kwenye proteasomu, mtambo wa seli, ikakatwakatwa. Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walitunukiwa Nobeli ya Kemia mwaka 2004 kwa kuifichua njia hiyo. MDM2 huipachika p53, mlinzi wa seli dhidi ya saratani. MDM2 ikizidi, mlinzi huondolewa zamuni kabla ya wakati wake. Ndiyo maana watafiti wanasaka kitu cha kuizuia.

Sasa tazameni neno letu. Kimeng'enya kimetokana na kumeng'enya, kuvunjavunja chakula tumboni. Hiki hakivunji chochote, kinaunga! Wapo watakaosema neno hilo litupwe. Sikubaliani nao. Neno la Wazungu lenyewe limechotwa kutoka Kigiriki, likihusu chachu, na leo hakuna anayedai kila kimeng'enya kitoke kwenye hamira. Neno likishakaa vinywani mwa watu, mzizi wake hauna tena mamlaka ya kulifunga.

Ligesi ndiyo iliyonitaabisha. Kiunganishi wameshakichukua wanasarufi. Lakini hao hao wanasarufi wana neno jingine ambalo naona linafaa kuazimwa: uambishaji. Piga, pigia, pigana: mzizi ni mmoja, kilichopachikwa ndicho kinachogeuza maana. Ndivyo ilivyo kwa protini. Mnyororo wa yubikwitini uliounganishwa kwa lisini ya 48 hupeleka protini kwenye kuharibiwa. Uliounganishwa kwa lisini ya 63 hubeba ujumbe mwingine, ukiwemo wa kukarabati DNA. Basi napendekeza kimeng'enya ambishi. Mwenye kucheka na acheke, ila aje na lake.

Yubikwitini yenyewe nimeiacha kama ilivyo, nikabadili tahajia tu. Jina hilo limetokana na Kilatini, likimaanisha kila mahali, kwa kuwa lilipotolewa mwaka 1975 ilidhaniwa kwamba protini hiyo imo katika viumbe vyote. Haimo. Bakteria aina ya E. coli hawana yubikwitini, na mara nyingi ni hao hao wanaotumiwa kukitengeneza kimeng'enya hiki. Tungelitafsiri jina, tungetafsiri na kosa lake.

Kijana alikuwa ameandika "kimeng'enya cha kibinadamu". Nikamuuliza, kina huruma? Ki- hiyo ndogo imekigeuza kuwa chenye utu! Ni cha binadamu, basi, ingawa hakikutoka mwilini mwa mtu: jeni ya binadamu hupandikizwa ndani ya bakteria, nao wakakiunda. Maelezo hayo ni marefu mno kwa kibandiko cha upana wa kidole, na hapo kijana alinilaumu kwa haki. Tukaafikiana na "cha jeni pandikizi".

Lakini kuna neno ambalo sikutaka kulijadili. Mwishoni alikuwa ameandika "dawa ya utafiti". Namwelewa. Katika Kiswahili chetu dawa ni kila kitu: ya meno, ya viatu, ya mbu, ya kuoshea choo. Lakini yupo mgonjwa wa saratani, au mwanawe, atakayelisoma neno hilo karibu na jina la p53 na kuuliza bei. Kichupa hiki hakijatengenezwa kwa ajili ya mwili wa mtu. Nilichukua kalamu nyekundu nikalifuta, na kibandiko sasa kinasomeka hivi:

MDM2 ya binadamu, kimeng'enya ambishi cha yubikwitini, cha jeni pandikizi. Kwa utafiti tu. Si dawa.

Mwenye neno fupi kuliko "jeni pandikizi" na aniletee kabla kijana hajachapisha.