Uraibu jaani Dandora utibiwe, usiadhibiwe

Waokota taka wa jaa la Dandora, Nairobi, wanastahili tiba ya uraibu wa pombe na tumbaku iliyo karibu nao na isiyo na malipo, wala si misako ya polisi.

Kwanza, uraibu huu una mizizi katika kazi yenyewe. Tangu jaa hilo lifunguliwe mwaka 1975, watu hupekua taka humo katikati ya moshi na uvundo. Pombe ya chang'aa na sigara huzima njaa na kinyaa kwa saa chache, kisha mwili hulipa kwa miaka.

Pili, madhara hurundikana. Mapafu yaliyochoshwa na moshi wa jaa huongezewa wa sigara, na aliyelewa hujikata kirahisi kwa vioo na sindano zilizotupwa.

Tatu, anayelipwa kwa kilo hawezi kuacha kazi miezi mitatu akalazwa katika kituo cha kurekebisha tabia. Wanawe watakula nini? Ushauri nasaha na dawa za kuacha sigara vipelekwe jaani, kupitia vikundi vya waokota taka wenyewe.

Wanaolisafisha jiji wasiachwe waangamie. Wenye dhamana ya afya na mazingira watenge fedha katika bajeti ijayo, na kazi ianze.