Pikachu wa kabatini na lukuchuko ya Yaeda
Game Boy Color, mashine ya mkononi ya michezo ya video, ya manjano yenye sura ya Pikachu, mhusika wa anime, yaani katuni za Kijapani, hupanda bei kwa kuwa mkusanyaji huifungia kabatini badala ya kuichezea, kinyume kabisa na lukuchuko, kamari ya Wahadzabe wa bonde la Yaeda wilayani Mbulu, ambamo vipande vya gome hurushwa vigonge mti na mshindi hujulikana kwa jinsi vinavyolala. Mwanaanthropolojia James Woodburn alieleza kuwa mishale ya sumu, visu na shanga huzunguka kwa mchezo huo visilundikane kwa mmoja, lakini upinde, mfuko wa ngozi na mishale isiyo na sumu haviwekwi dau. Busara hiyo mnada wa wakusanyaji hauna.