Baba ana pesimeka? Asiiname juu ya injini

Kuanzia Novemba, Muscat ikipoa, wazazi wetu huanza kuja kututembelea. Gari likianza kukatakata njiani, baba ndiye wa kwanza kufungua boneti. Kama amewekewa pesimeka, kile kifaa kidogo kinachoongoza mapigo ya moyo, mle ndani kuna kitu anachopaswa kukaa nacho mbali: koili.

Betri ya gari hutoa volti 12 tu, ambazo hazitoshi kurusha cheche kwenye plagi. Koili ina nyaya mbili zilizozungushiwa chuma: mmoja mizunguko michache, wa pili maelfu. Umeme wa waya wa kwanza ukikatwa ghafla, usumaku huporomoka na waya wa pili hupata volti 20,000 au zaidi. Cheche inaruka, petroli inawaka. Magari mengi ya sasa yana koili moja juu ya kila plagi.

Pesimeka nayo husikiliza umeme mdogo sana wa moyo. Ikisogezwa karibu na koili inayofanya kazi, inaweza kudhani vurugu ile ya umeme ni mapigo, ikanyamaza wakati moyo unaihitaji. Watengenezaji hushauri kifaa kiwe umbali wa sentimita 30 hivi kutoka kwenye mfumo wa cheche. Kupanda gari au kuliendesha si tatizo. Tatizo ni kuinama juu ya injini inayonguruma. Nyumbani Unguja au Mombasa, jenereta ya petroli nayo ina koili.

Akihisi kizunguzungu au moyo kwenda ovyo, arudi nyuma mara moja. Kwa kawaida kifaa hurudia kazi yake. Akizimia, hapa Oman piga 9999.

Hata mwenye moyo mzima asichomoe waya wa plagi injini ikiwaka ili "kuona kama moto upo". Pigo lake ni kali, na mkono ukishtuka unaweza kuishia kwenye feni.

Kabla wazee hawajasafiri, hakikisheni wamebeba kadi ya pesimeka, na daktari wao aulizwe kuhusu umbali unaofaa kifaa chao. Gari likiharibika, mpeni mzee kiti kivulini na maji: "Baba, wewe tuelekeze tu, kuinama tuachie sisi." Heshima yake inabaki, na moyo wake pia.