Chanjo ya Ndigana Ifike Zizini

Miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliangamiza ng'ombe wa ufalme wa Karagwe, ambako leo kuna wilaya za Karagwe na Kyerwa. Kinga mojawapo ya mwanzo ilitoka kwenye damu: ng'ombe aliyepona alitolewa damu, ikaachwa igande, kisha seramu, yale maji yanayojitenga, ikachotwa na wengine wakadungwa. Maabara ya Kabete, Kenya, ilikuja kuizalisha.

Kinga hiyo haikudumu.

Chanjo ya Walter Plowright, iliyobuniwa Muguga, Kenya, ilisaidia kuitokomeza sotoka duniani, na mwaka 2011 ikatangazwa kuwa imetokomezwa. Ndigana kali, ugonjwa mwingine wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, nayo ina chanjo, ila huhifadhiwa katika naitrojeni ya kimiminika. Kwa hiyo, ili chanjo hiyo ifike zizini, halmashauri za Karagwe na Kyerwa zitenge fedha za mitungi ya naitrojeni na za usafiri wa maofisa mifugo.