Kabla ya Kumwambia Atembee

Mama wa miaka 52 akieleza kwamba usiku joto la ukomo wa hedhi humpanda kifuani hadi shuka likalowa, jibu la haraka huwa, "Mama, fanya mazoezi." Ushauri si mbaya, ila anapewa mtu ambaye hajalala. Hiyo alfajiri atapata wapi nguvu ya kuvaa raba?

Toleo hili linashikilia kwamba homoni na mazoezi havigombani, na anayemtaka mwanamke achague kimoja anamwonea. Kwa kutuliza joto hilo, hakuna dawa inayoishinda estrojeni. Mazoezi peke yake hayajathibitika kulizima.

Woga wa homoni tunajua ulikotoka. Julai 2002, Marekani, utafiti wa Women's Health Initiative ulisitisha sehemu yake iliyowahusu wanawake 16,608, waliokuwa wakipewa ama estrojeni na projestini ama kidonge kisicho na dawa. Kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, saratani ya matiti iliwapata wanane zaidi upande wa homoni. Vidonge vikatupwa. Kilichopita kimyakimya ni kwamba umri wao kwa wastani ulikuwa miaka 63, na waliovunjika nyonga walipungua kwa watano katika hesabu hiyohiyo. Kwa asiyefika miaka 60, au ambaye hedhi yake haijamaliza miaka 10 tangu ikome, anayesumbuliwa na dalili na hajawahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi wala kuganda kwa damu, kwa kawaida faida huizidi hatari. Mwenye kizazi hapewi estrojeni peke yake.

Hata hivyo, kidonge hakijengi paja. Mama aliyezoea kujitwika ndoo ya lita 20 kutoka kisimani, bomba lilipofika uani (na nani atalilaumu bomba?) mifupa yake ilipoteza mzigo uliokuwa ukiiimarisha. Kufagia hakufidii hilo. Katika utafiti wa LIFTMOR, Australia, wanawake waliopita miaka 58, mifupa yao ikiwa imeanza kudhoofika, waliinua vyuma vizito chini ya msimamizi, nusu saa mara mbili kwa wiki, miezi minane. Vipimo vya mifupa ya kiuno vikapanda. Jimu zetu bado humkabidhi mama wa rika hilo vyuma vya kilo moja na kumwelekeza kwenye zumba.